Kiti cha magurudumu alichopewa mdogo wangu: uzoefu wangu na shirika moja la misaada

Nimejizuia kuandika haya kwa muda mrefu, kwa sababu kwetu mtu aliyepewa kitu hatarajiwi kulalamika, na kwa sababu mdogo wangu bado anahudumiwa na shirika ninalolizungumzia. Ndiyo maana jina la shirika hilo silitaji. Lakini siku chache zilizopita, nikiwa ndani ya matatu, nilimsikia mama mmoja akieleza kwamba kijana wake aliyevunjika mgongo ameahidiwa kiti cha magurudumu na watu hao hao, naye akamshukuru Mungu kwa sauti mbele ya abiria wote. Nilishuka nikiwa sijamwambia neno, na tangu siku hiyo sina raha. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Mdogo wangu ni mgema. Huku Kaloleni, pwani ya Kenya, mnazi ndio uliotusomesha sote, nami nisingekuwa mwalimu leo kama baba yetu asingepanda asubuhi na jioni kuteremsha tembo. Mdogo wangu aliirithi kazi hiyo na akaipenda. Wakati wa masika ya mwaka juzi, shina likiwa limelowa, mguu uliteleza akiwa karibu kufika kileleni. Alipoamka hospitalini alikuwa hahisi chochote kuanzia kitovuni kwenda chini. Wauguzi na madaktari walifanya waliloweza, na kwao sina la kusema ila asante. Alirudi nyumbani akiwa na mpira wa mkojo, karatasi ya maelekezo, mke na watoto watatu wa kulisha.

Shirika lilitufikia kupitia kwa jirani. Kwa miezi kadhaa walituletea unga, mchele, mafuta, sabuni na glavu za kumhudumia mgonjwa, na wakamlipia karo mtoto mkubwa alipokuwa karibu kurudishwa nyumbani. Hayo yote waliyatimiza, na nitakuwa mwongo nikiyaficha. Hata ile siku ya kugawa viti nilienda nikiwa na moyo mweupe, nimeandaa maneno ya shukrani endapo ningeombwa kuzungumza kwa niaba ya familia.

Tulikuta hema, vipaza sauti, wageni waliokuja kutoka mbali, na viti vya magurudumu vimepangwa safu moja, vyote vya kipimo kimoja kama madawati ya darasa. Wagonjwa walilazwa kwenye mikeka pembeni wakisubiri majina yao. Hotuba zilikuwa nyingi na jua lilikuwa kali. Jina la mdogo wangu liliposomwa, vijana wawili walimbeba, wakamketisha, mgeni mmoja akamshika bega, picha ikapigwa, na jina jingine likasomwa.

Mimi si fundi wala muuguzi, lakini macho ninayo. Mdogo wangu alikuwa amekonda baada ya kulala muda mrefu, na ndani ya kiti kile alionekana kama mtoto aliyevishwa kanzu ya babu yake. Pande zote mbili palibaki nafasi, kwa hiyo aliinamia kushoto ili apate pa kujiegemeza. Miguu haikufika kwenye vikanyagio ikawa inaning'inia. Mto wa kukalia haukuwepo kabisa. Alikalia kitambaa kigumu kilichotandazwa kati ya vyuma viwili. Nilimwendea msimamizi wa ugawaji, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, nikamwomba kwa adabu kama kuna uwezekano wa kumpima na kumtafutia kiti kinachomfaa. Hakuinua uso kutoka kwenye orodha yake. Alisema, "Mama, kiti cha bure hakipimwi. Mchagua nazi hupata koroma." Waliokuwa karibu wakacheka.

Nimeifundisha methali hiyo darasani mara nyingi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja itageuzwa fimbo ya kumpigia mtu aliyeangukia mgongo kutoka juu ya mnazi. Methali humwonya mtu anayechagua kupita kiasi mpaka akaambulia kibaya. Sisi hatukuchagua. Tuliomba kitu kimoja tu, kwamba mtu apimwe kabla ya kuketishwa, jambo ambalo fundi cherehani humfanyia hata mteja wa sare ya shule. Isitoshe, nazi huchaguliwa. Hakuna mama wa Kaloleni anayetia nazi kikapuni bila kuitikisa karibu na sikio asikie maji yake, maana anajua kwamba akibeba koroma nyumbani, mboga haitapata tui. Niliyatafuta maneno hayo pale pale nikayakosa. Nilirudi kwenye mkeka, nikamsaidia wifi kukusanya vitu, na shukrani nilizoandaa sikuzitoa kwa yeyote.

Labda ninamwonea yule msimamizi. Nimejaribu kumtetea moyoni, kwamba alikuwa amechoka, kwamba watu walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na ombi lake, kwamba hata yeye huenda alikabidhiwa viti vile bila kuulizwa. Kila ninapofika hapo nakumbuka kidonda, na utetezi wote unaniishia.

Mtu asiyeumia akiketi vibaya huhisi maumivu na kugeuka, hata usingizini. Aliyeumia uti wa mgongo hahisi. Uzito wote hukaa juu ya mifupa miwili ya makalio, damu haipiti kwenye nyama iliyobanwa, na nyama hiyo hufa kimya kimya kuanzia ndani kabla ngozi haijaonyesha dalili kubwa. Kwa kuwa mdogo wangu alikuwa ameinama kushoto, mfupa wa kushoto ndio uliobeba zaidi. Alikuwa anafurahi kukaa nje, akipiga gumzo na wapita njia kuanzia asubuhi hadi jua linapotua, na sisi tukafurahi naye. Baada ya kama wiki mbili hivi, wifi aliona doa kwenye shuka. Alipomgeuza akakuta shimo ambalo kidole kingeweza kuingia. Tangu siku hiyo mdogo wangu alilala kifudifudi kwa miezi, mtu aliyekuwa ameanza kucheka tena, uso wake ukitazama udongo wa sakafu.

Katika kusoma kwangu kwa hasira nilikutana na habari za daktari Ludwig Guttmann, aliyeanzisha kituo cha walioumia uti wa mgongo kule Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Kabla ya wakati wake wengi wa wagonjwa hao hawakuishi muda mrefu, na kilichowaua ni vidonda vya aina hii pamoja na maradhi ya njia ya mkojo. Yeye alisisitiza wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kugeuza mtu hakuhitaji mfadhili wala hema. Nilijifunza pia kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utoaji wa viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo mwaka 2008, ukiwa na hatua nane, na kwamba kumkabidhi mtu kiti ni sehemu ndogo tu ya hatua hizo. Kabla yake kuna kumchunguza na kuandika vipimo vyake. Baadaye kuna kukirekebisha kiti akiwa amekikalia, kumfundisha yeye na familia yake kukitumia, na kumfuatilia nyumbani. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi, wasio na fedha za kununua. Kwa hiyo aliyesema kwamba kiti cha bure hakipimwi alikosea hata kwa kipimo cha kazi yake mwenyewe.

Nilipiga simu ofisini kwao mara kadhaa. Mara ya kwanza niliambiwa nitapigiwa. Mara nyingine niliambiwa kwamba faili la mdogo wangu limefungwa, kwa kuwa aliweka kidole gumba kwenye fomu kuthibitisha kuwa amepokea kiti kikiwa katika hali nzuri. Ni kweli kiti kilikuwa katika hali nzuri, na rangi yake bado inang'aa. Niliwauliza kama fomu ina mahali pa kuandika hali ya mtu aliyekikalia, na simu ikakatika, au ilikatwa, sina hakika. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 54, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya ulemavu wake. Kiti kilichomchimba mtu kidonda sijui kimemwondolea kikwazo gani.

Hapo ndipo nilipoamua kuwa hili ni shirika la kupiga picha na kwamba nitawaambia watu wote wajiepushe nalo. Ningeishia hapo kama asingekuja yule ndugu.

Alikuja asubuhi moja bila taarifa, akiwa ameshushwa barabarani na matatu iliyomtoza nauli yake na nauli ya kiti chake, kana kwamba miguu ya mtu ni mzigo. Yeye pia hatembei. Ni wa shirika lile lile, mtu wa kujitolea, halipwi chochote ila nauli, na hata hiyo huja ikiwa imechelewa. Alikisogeza kiti chake mpaka ubavuni mwa kitanda na kabla ya jambo lolote akamwambia mdogo wangu, "Ndugu yangu, mimi nilipata viwili, kulia na kushoto. Vyote vilipona." Mdogo wangu, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akijibu kwa kichwa tu, akamuuliza, "Ilichukua muda gani?" Wifi alitoka nje akalia nyuma ya jiko.

Alikaa nasi mpaka alasiri. Aliomba kioo kidogo, akamfundisha mdogo wangu kukishika nyuma yake ajikague ngozi mwenyewe kila asubuhi na jioni, asingoje kuambiwa na mkewe. Alimwonyesha namna ya kuegemea mbele mpaka kifua kikaribie magoti ili makalio yapumzike, na kwamba afanye hivyo mara kwa mara siku nzima, hata katikati ya mazungumzo, hata mbele ya wageni. Alitufundisha kugeuza na kubeba bila kumburuta, kwa sababu ngozi huchubuka kwa kuburutwa. Kisha akatoa futi ya fundi cherehani mfukoni. Nyonga za mdogo wangu zilikuwa sentimita 35. Kiti kilikuwa 46. Alizisoma namba hizo kwa sauti, akazirudia, akanyamaza. Akaomba kipande cha godoro la sponji, akakikata kwa kisu cha jikoni, akachonga bonde pale ambapo mifupa itakaa, akasema ni mto wa muda tu na kwamba kidonda kikifunga asikae juu yake zaidi ya saa moja mpaka upatikane mto wa kweli.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kama shirika hili ni zuri, nitamjibu kwa kumtaja mtu huyu, na kwa ajili yake nalisifu bila kujizuia, kwa kuwa ninaamini mdogo wangu yu hai kwa sababu yake. Lakini nilipokuwa namsindikiza barabarani nilimuuliza kwa nini hakuwepo siku ya kugawa viti, na jibu lake limenirudisha nilikoanzia. Alisema aliomba kwenda na futi yake apime watu, akaambiwa kwamba gari limejaa wageni. Hakulisema kwa uchungu, wala hakunituma nilisimulie. Mimi ndiye ninayelisimulia, na ninalisimulia kwa uchungu. Shirika lina mtu anayejua kila kitu kinachohitajika, na siku aliyohitajika kuliko zote kiti chake cha garini alipewa mtu wa kupigwa picha.

Picha yenyewe imewekwa kwenye kalenda yao ya mwaka huu. Hakuna aliyetuomba ruhusa. Mama yetu ameitundika chumbani kwake kwa sababu mtoto wake anatabasamu, nami sijamwambia ninachokiona humo, ule mwinamo wa kushoto na ile miguu inayoning'inia.

Kwa yule mama wa kwenye matatu, kama maandishi haya yatamfikia: pokea chakula na karo, hayo wanayatoa kwa uaminifu. Ulizia wana mtu gani anayetembelea wagonjwa akiwa mwenyewe kwenye kiti, na usichoke kuulizia mpaka aje. Nenda na futi yako. Kijana wako asiketishwe kabla nyonga zake hazijapimwa na kabla hujaona mto kwa macho yako, hata kama jina limeshasomwa na mgeni amesimama anasubiri.

Kidonda cha mdogo wangu sasa kimebaki upana wa sarafu ya shilingi kumi. Ofisi imekubali, kwa shinikizo la yule ndugu, kumtuma fundi aje kukipunguza kiti au kukibadilisha, na tumeambiwa ni baada ya mwisho wa mwezi. Walishasema hivyo mwezi uliopita. Vipimo vyote nimeviandika kwenye karatasi, nimeibandika mlangoni.