Mizani ya springi ya nyutoni 10, baada ya muhula mzima darasani

Mizani hii ndogo, yenye bomba la plastiki angavu, pete juu na kulabu chini, niliinunua kwa ajili ya somo la nguvu ya mvutano, na sasa sioni namna ya kulifundisha somo hilo bila kuwa nayo. Ukitundika jiwe la mizani la gramu 500, inasoma nyutoni 4.9 (nyutoni ni kizio cha nguvu), kwa kuwa dunia huvuta kila kilo kwa takriban nyutoni 9.8. Mizani ya mikono miwili hulinganisha tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na tungamo, hivyo hata mwezini isingebadili jibu. Hii hupima mvuto wenyewe, na huko mwezini jiwe lile lile lingeivuta hadi nyutoni 0.8 tu.

Iliniridhisha zaidi tulipoipandisha lifti ya jengo refu. Lifti ilipoanza kupaa, mshale uliteremka ukapita nyutoni 5. Iliposhika mwendo usiobadilika ukarudi 4.9, jambo lililowashangaza wanafunzi, kwani walidhani kupaa kwenyewe ndiko kunakoongeza uzito, kumbe ni kule kuongezeka kwa kasi. Ilipokaribia kusimama, kipimo kikapungua. Kisha tuliiachia mizani pamoja na jiwe lake vianguke juu ya godoro, huku simu ikirekodi kwa mwendo wa polepole, na katika picha mshale ulionekana umerudi sifuri: dunia ilikuwa ingali inalivuta jiwe, ila springi haikuwa tena na kazi ya kulizuia.

Kasoro ninayoilalamikia ni kipimo cha gramu kilichochapwa upande wa pili, ambacho humfanya mtoto aamini kuwa uzito na tungamo ni kitu kimoja. Mvutano ni takriban nyutoni 9.78 kwa kilo kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha za dunia. Mshale huu hauwezi kuitambua tofauti hiyo, lakini mwanafunzi anapaswa kuijua. Nimeubandika upande huo karatasi.

Springi nayo haivumilii kuzidishiwa. Mwanafunzi mmoja alitundika mfuko wa mchele wa kilo 2, na tangu siku hiyo mshale haurudi sifuri mpaka nizungushe parafujo ya juu. Kwa mizigo ya namna hiyo ni afadhali kununua ya nyutoni 50.