Tahadhari: mafundi wa "maandalizi ya baridi" wanaojaza AC gesi isiyohitajika

Ndugu zangu, akija mtu mlangoni akasema anapita nyumba kwa nyumba kuandaa AC kwa ajili ya majira ya baridi, nawaomba msimruhusu aguse mashine kabla hamjasoma haya. Mimi nilimruhusu mwaka jana. Naandika sasa kwa sababu wiki hii nimeona mashine mbili za majirani zimefungwa nailoni ileile, kwa gundi ileile.

Alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, mfuko wa zana begani na geji, kile kipimo cha presha chenye mshale, mkononi. Aliniambia mambo matatu: kwamba gesi iliyo ndani ya mashine ya nje itaganda baridi ikizidi, kwamba gesi imeshapungua na lazima ijazwe kabla theluji haijaanguka, na kwamba mashine ifungwe nailoni kuanzia juu hadi chini. Yote matatu ni uongo. Lakini hilo la pili ndilo lililoninasa, kwa sababu alinionyesha kwa macho yangu.

Ilikuwa asubuhi ya baridi na AC haikuwa imewashwa kwa wiki kadhaa. Akafunga mpira wa geji kwenye valvu, akaniita: "Mama, sogea uone mwenyewe." Mshale ulisimama karibu na 120. Akatoa simu, akanionyesha picha ya geji nyingine inayosoma 200, akasema mashine nzima inatakiwa kusoma hivyo. Mtu asiyejua atabisha nini hapo? Nikakubali ajaze.

Nilichokuja kuelezwa baadaye na fundi wa kweli ni hiki. Mashine ikiwa imezimwa, presha ya gesi hufuata joto la hewa iliyoizunguka. AC yangu inatumia gesi ya R-410A. Kukiwa na nyuzi 21 za Selsiasi, geji itasoma kama psi 200 (psi ni kizio cha presha). Kukiwa na nyuzi 4, itasoma kama psi 119. Ni gesi ileile, kiasi kilekile. Ile picha ya kwenye simu ilipigwa siku ya joto, basi. Na maadamu ndani bado kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika, iwe nyingi au kidogo, mshale utasimama palepale. Fikirieni mtungi wa gesi ya kupikia: moto unawaka vilevile ukiwa umejaa au ukiwa nusu, na ukitaka kujua kilichobaki unaunyanyua. Kwa hiyo mtu anayekufungia geji kwenye AC iliyozimwa, siku ya baridi, kisha akakwambia gesi imepungua, ama hajui kazi au anakuibia.

Tena gesi ya AC haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mwaka hadi mwaka. Ikipungua kweli, kuna mahali inavuja, na fundi mwaminifu anaanza kutafuta hapo: anaangalia kama kuna mafuta mafuta kwenye viungio vya shaba, anapaka povu la sabuni aone vipovu. Anaziba kwanza. Kisha anajaza kwa kupima kwenye mzani, kufuata uzito ulioandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine. Yule wangu hakuwa na mzani. Hakusoma kibati. Alifungua mtungi, akasubiri, akafunga.

Hasara nikaiona joto liliporudi. Niliwasha AC, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ikanguruma dakika chache, ikakata. Nikawasha tena, ikakata tena. Gesi ikizidi, presha inapanda kupita kiasi na mashine inajizima ili isiungue. Ukiendelea kuilazimisha, kompresa inakufa, na hicho ndicho kifaa ghali kuliko vyote humo ndani. Ilibidi fundi mwingine avute gesi yote, aipime, arudishe kiasi sahihi.

Na ile nailoni? Nilipoichana, panya walikuwa wamejenga. Manyoya, nyasi, vipande vya sponji walivyoguguna kwenye bomba, na waya mmoja umetafunwa hadi shaba inaonekana. Skrubu zote zimeota kutu, kwa sababu unyevu uliingia ukakosa pa kutokea. Mashine ya nje imeundwa kunyeshewa na kuangukiwa na theluji. Adui zake ni majani yanayoingia kwa juu na vipande vya barafu vinavyodondoka kutoka paani. Ubao uliokandamizwa kwa jiwe, au kifuniko cha juu tu kinachoacha pande zote wazi, unatosha.

Kuhusu gesi kuganda, sitaongea sana. R-410A inachemka kwenye nyuzi kama 51 chini ya sifuri. Katika baridi ambayo sisi hatuwezi kutoka nje, yenyewe bado ni gesi inayochemka. Wala humo ndani hamna maji ya kupasua mabomba, kwa hiyo anayetaka kumimina dawa ya kuzuia kuganda naye mrudisheni alikotoka.

Maandalizi yenyewe hayahitaji mtu wa kugonga mlango. Zima umeme wa mashine kwenye swichi yake ya nje, ili siku ya jua isijiwashe ikiwa na kifuniko. Toa majani na takataka. Isafishe kwa mpira wa kumwagilia bustani, maji ya taratibu. Usitumie mashine ya maji ya presha, itakunja vile vibati vyembamba vya alumini na hewa haitapita tena. Iache ikauke. Angalia sponji nyeusi iliyovaa bomba nene la shaba, ikiwa imechakaa ibadilishe. Joto likirudi, rudisha umeme siku moja nzima kabla ya kuwasha AC, maana kompresa nyingi zina hita ndogo ya kupasha mafuta yake.

Hapa naomba muwe makini mno: kama AC yako ndiyo pia inayokupashia joto nyumba, usiifunike kabisa na usiizimie umeme. Hiyo inafanya kazi baridi nzima na inahitaji hewa. Yako ni kuiondolea theluji na kuacha nafasi ya kama sentimita 60 pande zake. Nimesikitika sana kuona mmoja wa wale majirani wawili amefungiwa nailoni mashine ya aina hiyo. Nimeshamgongea, tumeifungua pamoja.

Kama na wewe umeshafungiwa, ifungue leo, kagua nyaya kwa macho tu, umeme ukiwa umezimwa. Kama umeshajaziwa gesi, usiwashe AC kujaribu, na usikubali mtu aje "kuipunguza" kwa kuiachia hewani, kwa sababu hapo anakisia kwa mara ya pili, na gesi hiyo inapasha joto dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Tafuta fundi mwenye leseni, na ukimpigia simu muulize jambo moja kabla hajatoka kwake: unakuja na mzani na mtungi wa kuvutia gesi? Akisita, piga kwa mwingine.