Proxmox VE kwenye chumba cha seva cha chuo: uzoefu wangu

Natunza seva za chuo kimoja cha kati hapa Tanzania. Kuna mfumo wa usajili wa wanafunzi, uhasibu ulio juu ya Windows Server, Moodle ya masomo ya mtandaoni, DNS inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani, na hifadhi ya mafaili ya idara. Vyote hivi ni mashine pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa kama programu ndani ya seva, zinazokaa kwenye seva mbili za Proxmox VE, mfumo wa kuziendesha na kuzisimamia. Tulianza na toleo la 8 na sasa tuko kwenye la 9. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu walio kwenye ofisi zenye bajeti kama yetu, wanaojiuliza kama mfumo huu unabeba mzigo wa kazi halisi. Unabeba, tena vizuri. Ila nawaambia mapema kwamba uzuri wake unategemea diski ulizochagua na bakapu ulizopanga, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwa asiyeufahamu: Proxmox VE inatengenezwa Vienna, Austria, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008. Chini yake ni Debian, aina ya Linux. KVM inaendesha mashine pepe kamili, LXC inaendesha kontena (mashine nyepesi zinazotumia kiini cha seva yenyewe), na vyote unavisimamia kwenye kivinjari kupitia poti ya 8006. Leseni yake ni AGPL toleo la 3, na hakuna uwezo uliofungiwa mpaka ulipe. Wengi tulianza kuitazama kwa makini baada ya Broadcom kukamilisha ununuzi wa VMware, kampuni yenye mfumo shindani, Novemba 2023. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba leseni za kudumu haziuzwi tena, na Februari 2024 ESXi ya bure, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, ikaondolewa, ingawa ilirudishwa Aprili 2025. Kwa taasisi ambayo bajeti yake ni ya shilingi na inapitishwa mara moja kwa mwaka, malipo ya kila mwaka kwa fedha za kigeni ni hesabu inayohitaji kufikiriwa upya.

Kuifunga, yaani kuisakinisha, ni rahisi. Jambo moja tu huwashtua wageni: ukiendesha apt update, amri ya kutafuta masasisho, bila usajili wa kulipia unapata kosa la 401 (huna ruhusa), kwa sababu hazina ya programu ya wateja wanaolipa ndiyo iliyowekwa tangu mwanzo. Izime, washa ile isiyo ya usajili, kisha endelea. Poti ya 8006 usiiweke wazi kwenye intaneti hata kwa siku moja. Sisi tunaingia kwanza kwa WireGuard, njia ya mtandao iliyosimbwa (VPN), na kila msimamizi ana akaunti yake yenye uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti ya root, yenye mamlaka yote, tunaiacha kwa dharura.

Sasa diski. Unapofunga utaulizwa kama unataka ZFS au LVM, njia mbili za kupanga diski, na jibu lako hapo litakufuata kwa miaka. Sisi tulichagua ZFS, diski mbilimbili, kila moja ikibeba nakala ya mwenzake, na nimeridhika kabisa. ZFS inakagua data yenyewe, diski ikianza kuharibika inakuambia, na inakuruhusu kunakili mashine kwenda seva ya pili kwa ratiba. Lakini ina masharti yake. Inataka ione diski moja kwa moja, si kupitia kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja na kuzificha nyuma yake. Kama seva yako ina kadi hiyo, iweke kwenye hali ya kupitisha diski zilivyo au utafute kadi ya HBA, inayoziunganisha bila kuzificha. Pia diski za SSD za kompyuta za mezani, zile tunazozikuta madukani Kariakoo kwa bei nzuri, hazikuumbwa kwa kazi hii. Uandishi wa ZFS na kumbukumbu za klasta (seva zilizounganishwa kufanya kazi kama kundi) huzichosha haraka, na nyingi hazina kapasita za kulinda data iliyo njiani umeme unapokatika. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu cha daraja la seva, nunua diski.

Memori nayo iangalie. ZFS hutumia memori kama akiba ya kusomea, na katika matoleo ya zamani ilijiruhusu kuchukua hadi nusu ya memori yote ya seva. Kuanzia Proxmox VE 8.1, ufungaji mpya unaweka kikomo cha asilimia 10, kisichozidi GiB 16. Seva iliyosasishwa kutoka toleo la nyuma, hata hivyo, inabaki na tabia yake ya zamani mpaka uweke kikomo mwenyewe. Kwenye kichakato unaweza kugawa kora kwa ukarimu, maana mashine nyingi hulala muda mwingi wa siku. Kwenye memori usifanye hivyo. Jumlisha ulichokigawa, ongeza cha ZFS, bakiza cha seva yenyewe, na hesabu ikikataa, usiongeze mashine nyingine.

Wanaochagua LVM-thin, aina ya LVM inayotoa nafasi kadiri inavyotumika, wana hatari ya aina yao. Unaweza kugawa terabaiti nyingi kuliko ulizo nazo, kama kikoba kilichoahidi mikopo kuliko fedha iliyo sandukuni: mambo yanakwenda mpaka wanachama wote wanapofika siku moja. Hifadhi ikijaa, mashine zinapata makosa ya kuandika na data inaweza kuharibika. Kwa hiyo weka tahadhari ya kukuarifu mapema, asilimia 80 hivi, na washa chaguo la “Discard” kwenye kila diski pepe. Bila hilo, faili lililofutwa ndani ya mashine haliachii nafasi kule chini. Ndani ya Linux hakikisha fstrim, amri inayorudisha nafasi hiyo, inaendeshwa kila wiki.

Kuhamisha mashine kutoka ESXi kumekuwa kwepesi kuliko wengi wanavyodhani. Tangu mwanzoni mwa 2024 kuna kiingizaji ndani ya Proxmox: unaunganisha seva ya ESXi kama hifadhi, unaziona mashine zake, unaichagua unayoitaka. Kabla ya kuhamisha, futa snapshoti zote (picha za hali ya mashine kwa wakati fulani) kule inakotoka, maana zinachelewesha kazi sana, na uondoe VMware Tools, programu saidizi za VMware ndani ya mashine, ukiwa bado huko. Mashine za Linux kwa kawaida zinaamka bila shida, zikihitaji tu jina la kadi ya mtandao kurekebishwa. Windows ndiyo ya kushika kwa mikono miwili. Ukiipa moja kwa moja diski ya VirtIO, aina ya kasi iliyobuniwa kwa mashine pepe, haina draiva yake, nayo itakataa kuwaka. Iwashe kwanza ikiwa na diski ya SATA, ichomekee diski ndogo ya pili ya VirtIO SCSI, funga draiva kutoka kwenye ISO ya virtio-win, zima, kisha badilisha diski kuu. Andika pia anwani ya IP kabla ya kuhama, kwa sababu Windows itaiona kadi ya mtandao kama mpya kabisa. Tofauti ya kasi kati ya SATA na VirtIO inaonekana wazi, hasa kwenye hifadhidata ya uhasibu, kwa hiyo usiishie njiani.

Nafika kwenye bakapu, na hapa ndipo nilipoipenda bidhaa hii kwa moyo wote. Kampuni hiyohiyo ina Proxmox Backup Server, iliyotoka rasmi Novemba 2020, nayo pia haina kipengele kilichofungiwa. Inakata diski ya mashine katika vipande vya MiB 4, na kipande kinachofanana na kilichopo hakihifadhiwi mara ya pili. Mashine ikiwa inaendelea kuwaka, QEMU, programu inayoendesha mashine pepe pamoja na KVM, inakumbuka sehemu zilizobadilika tangu bakapu ya jana, hivyo bakapu ya leo inagusa hizo tu. Usiku ambao mashine ilizimwa na kuwashwa, kumbukumbu hiyo inapotea na diski yote inasomwa upya. Usishtuke kazi ikichukua muda mrefu siku hiyo. Vinavyotumwa bado ni vipande vipya tu.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: “Kaka, nimefuta bakapu za zamani lakini nafasi haijarudi.” Ni kawaida. Kupunguza bakapu kunaondoa orodha tu. Vipande vyenyewe vinaondolewa na kazi ya kusafisha takataka, nayo inaacha kipande chochote kilichoguswa ndani ya saa 24 na dakika 5 zilizopita. Kwa hiyo ukisubiri diski ijae ndipo usafishe, umechelewa kwa siku nzima. Panga zote mbili kwa ratiba, na uongeze kazi ya uhakiki inayosoma vipande vilivyohifadhiwa na kuthibitisha havijaharibika.

Snapshoti si bakapu. Inakaa kwenye diski zilezile, na diski zikifa inakufa nazo. Itumie dakika chache kabla ya kusasisha programu, kisha ifute.

Tatu zaidi kuhusu bakapu, na naomba mzichukulie kwa uzito. Akaunti ambayo Proxmox VE inatumia kutuma bakapu ipewe jukumu la DatastoreBackup pekee. Jukumu hilo linaandika na kurejesha, lakini haliwezi kufuta, hivyo mvamizi akiiteka seva kuu hawezi kuzifuta bakapu zako kwa akaunti hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, nakala ya pili iliyo kwenye jengo jingine ijivutie yenyewe data kutoka kwenye ya kwanza, badala ya kusukumiwa. Na kama umewasha usimbaji, chapisha ufunguo kwenye karatasi uufungie kabatini kwa mhasibu au kwa mkuu wa ofisi. Ufunguo ukiwa ndani ya seva peke yake, siku seva inapoungua bakapu zote hazisomeki, na hakuna atakayeweza kukusaidia, hata watengenezaji.

Kisha rejesha. Kila muhula tunachukua mashine moja, tunairejesha kwa namba mpya, tunaitoa kwenye mtandao, tunaiwasha na kumwita mwenye mfumo aingie na kuangalia taarifa zake. Mhasibu anapoona miamala ya jana yake ipo, ndipo tunaandika kwamba bakapu ipo. Funga pia wakala wa QEMU, programu ndogo inayozungumza na seva, ndani ya kila mashine. Yeye ndiye anayetuliza mafaili kwa sekunde chache bakapu inapoanza, ili hifadhidata isichukuliwe ikiwa katikati ya kuandika.

Kwenye klasta, nodi (yaani seva za kundi) mbili ni idadi ngumu. Moja ikizima, iliyobaki haina akidi ya kura: mashine zake zinaendelea kuwaka, lakini huwezi kuwasha nyingine wala kubadilisha mipangilio. Na kama umewasha HA, inayowasha mashine kwenye seva nyingine moja ikifa, nodi iliyobaki bila akidi itajiwasha upya yenyewe. Dawa yake ni QDevice, kura ya tatu inayotolewa na mashine yoyote ndogo ya Linux iliyo nje ya klasta, hata Raspberry Pi. Corosync, inayohesabu kura hizo, inataka mtandao usiosuasua; ipe waya wake, mbali na trafiki ya bakapu. Sisi hatutumii Ceph, hifadhi inayosambazwa kwenye seva nyingi, na kwa seva mbili siishauri. Kunakili kwa ZFS kila dakika 15 kunatutosha, tukijua wazi kwamba seva ikifa ghafla tunaweza kupoteza kazi ya dakika hizo. Uongozi nao unalijua hilo, kwa maandishi.

Umeme ni sura nyingine ya kazi hii. UPS, yaani betri ya dharura, isiyozungumza na seva inachelewesha tu kuzimika. Funga NUT, programu inayosoma hali ya UPS, unganisha UPS kwa USB kwenye seva moja, na nyingine ipokee taarifa kupitia mtandao. Swichi iliyo katikati nayo iwe kwenye UPS hiyohiyo, la sivyo ujumbe hautafika. Kisha panga mpangilio wa kuwaka: DNS na hifadhidata kwanza, baada ya kitambo mifumo inayozitegemea. Proxmox inaipa kila mashine sekunde 180 za kuzimika kistaarabu. Zijumlishe uone kama betri yako inafika huko, na betri ya UPS inapozeeka, rudia hesabu.

Kuhusu malipo, tumechukua usajili wa Community, ambao unagharimu zaidi kidogo ya euro 100 kwa soketi (kila kichakato cha seva) kwa mwaka. Unakupa hazina ya masasisho yaliyojaribiwa zaidi, lakini haukupi mtu wa kumuuliza. Ngazi ya Basic inakupa tiketi tatu za msaada kwa mwaka, na majibu yanafuata saa za kazi za Austria. Kwa hospitali au SACCOS yenye fundi mmoja ningependekeza waanzie Basic, hata kama fundi huyo ni hodari, kwa sababu naye huugua na huenda likizo.

Kwa walio bado kwenye toleo la 8, matengenezo yake yamepangwa kuishia Agosti 2026. Endesha pve8to9 --full, amri inayokagua kama seva iko tayari, na ushughulikie kila onyo inalotoa. Chukua bakapu mpya, hamishia mashine zote nodi ya pili, sasisha ile iliyobaki tupu, uiangalie kwa siku kadhaa, ndipo usasishe nyingine. Kuhama mashine ikiwa hai kutoka toleo la zamani kwenda jipya kunafanya kazi. Kurudi nyuma hakuna uhakika. Kwa hiyo mashine ya uhasibu iwe ya mwisho kuvuka, na isiwe mwisho wa mwezi.