Al Jazeera na BBC katika habari za Gaza
Al Jazeera, iliyoanzishwa Doha mwaka 1996 kwa fedha za Qatar, ina waandishi Wapalestina ndani ya Gaza, ambako Israel imewazuia wanahabari wa kigeni kuingia kwa uhuru tangu Oktoba 2023. Hivyo huonyesha watu kwa karibu, pamoja na fahari ya utamaduni wao, kama vile tarizi ya mishono inayokatizana kwenye kifua cha thobe, vazi refu la wanawake wa Kipalestina, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2021. Hamas, kwa maoni yangu, haihojiwi vya kutosha na Al Jazeera. BBC hupima madai ya pande zote, lakini Waisraeli wengi wameudhika kwamba haiwaiti Hamas magaidi kwa sauti yake yenyewe, nao Wapalestina hulalamikia vifo vyao kutajwa bila muuaji. Kuthibitisha dai, ningeanza na BBC. Kuwasikia wanaopigwa mabomu, Al Jazeera.