Lenzi ya Sigma ya Milimita 8: Miezi Mitano ya Jicho la Samaki Kigoma

Lenzi hii ya jicho la samaki, yaani inayoona nyuzi 180 kwa mara moja, niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa shilingi 1,200,000, kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam aliyenihakikishia kwa simu kwamba ingetoa picha ya duara kamili kwenye kamera yoyote ya Nikon. Mzigo ulipofika Kigoma niliifunga kwenye D5300 yangu nikiwa bado nimesimama kwenye ofisi ya mabasi, nikapiga picha moja, na nilichokiona hakikuwa duara bali kitu mfano wa chapati iliyokatwa juu na chini. Sigma 8mm f/3.5 EX DG Circular Fisheye imetengenezwa kwa ajili ya sensa (kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha) ya fremu kamili, yaani ile ya milimita 36 kwa 24. Duara inalolichora lina kipenyo cha takribani milimita 22 hadi 23, ilhali sensa ya kamera yangu ina kimo kisichofika milimita 16, kwa hiyo pande mbili za duara huangukia nje. Mwenye sensa ndogo anayelitaka duara zima anapaswa kutafuta Sigma ya milimita 4.5, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya sensa za aina hiyo. Hayo muuzaji hakuyataja, ama kwa kutojua ama kwa kuipenda zaidi milioni yangu.

Kasoro ya pili, kwamba D5300 haina mota ya fokasi, yaani ya kuilenga picha iwe kali yenyewe, na lenzi hii nayo haina ya kwake, haikunisumbua hata kidogo. Ukiweka tundu la lenzi kwenye f/8 na kuizungusha pete ya fokasi hadi karibu sentimita 30, kila kitu kuanzia chini ya nusu mita hadi milima ya Kongo iliyo ng'ambo ya ziwa hutoka vizuri, na siku nzima huna haja ya kuigusa tena.

Kwa muda mwingi uliobaki nimeitumia kwenye D750, yenye sensa ya fremu kamili, ya mpiga picha mwenzangu wa Ujiji, ambaye mimi humlipa kwa kumsaidia harusi zake za Jumamosi. Hapo duara linakaa zima katikati ya fremu nyeusi, nalo ni zuri kulitazama, lakini mnunuzi ajue anachokitoa: zaidi ya nusu ya sensa haina picha, na kati ya pikseli milioni 24 za kamera hiyo, zinazobaki ndani ya duara ni kama milioni 11. Weusi huo wa pembeni huidanganya pia mita ya mwanga, maana kamera huudhani kuwa ni giza la mahali palepale, ikaongeza mwanga hadi mawingu yakaungua. Mimi hupunguza mwanga hatua moja kabla ya kuanza kazi, au huiambia kamera ipime katikati peke yake.

Picha niliyoinunulia lenzi ndiyo iliyoniangusha. Nilikuwa na ndoto ya kulitia Ziwa Tanganyika lote ndani ya duara moja wakati jua linazama, karibu saa moja jioni, nikapanda kwenye mwinuko nje ya mji nikiwa na stendi na matumaini. Ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 likageuka utepe mwembamba kama kamba ya kiatu, milima ya Kongo ikawa vipele, na robo tatu ya picha ikawa anga tupu juu na viatu vyangu chini. Lenzi inayoona nyuzi 180 hukifanya kila kilicho mbali kuwa kidogo mno. Kitu kisipokukaribia au kukuzunguka, hakipo.

Nililielewa jambo hilo Kibirizi, kwenye vichanja vya waya wanavyoanikia dagaa. Umbali mfupi kabisa wa fokasi ni sentimita 13.5, lakini huhesabiwa kuanzia kwenye sensa, kwa hiyo kati ya kioo cha mbele na dagaa hubaki sentimita mbili tatu tu. Niliinamisha kamera hadi mama mwenye kichanja akaniuliza kwa wasiwasi, "Mwanangu, hicho kioo chako hakitanuka?" Nikamjibu, "Kitanuka mama, nitakifuta." Dagaa mmoja aliyekauka akatokea mkubwa kama mtumbwi, magamba yake yakimeta moja moja, na nyuma yake wenziwe maelfu wakapinda kulifuata duara, hadi kwenye ukingo ambako mama mwenyewe alisimama akiwa mdogo kama kidole, mkono umemshika kiuno. Hiyo ndiyo picha ambayo lenzi nyingine yoyote niliyo nayo isingeweza kunipa. (Kioo kilinuka kweli, kwa siku mbili.)

Ndani ya uwanja wa kumbukumbu ya Livingstone kule Ujiji, niliilaza kamera chini ya mwembe ikitazama juu, nikasogea nyuma ya shina na kufyatua kwa rimoti. Matawi yote yalikutana katikati, na pembeni ukabaki mduara wa paa na vichwa vya watoto waliokuja kuchungulia. Nadhani kutazama juu ndiko kulikokuwa asili ya lenzi hizi. Mwanafizikia Mmarekani Robert W. Wood ndiye aliyeanzisha jina la jicho la samaki mwaka 1906, alipochunguza jinsi samaki aliye chini ya maji anavyouona ulimwengu wote wa juu ukiwa umekusanyika ndani ya duara. Na mwaka 1924 Mwingereza Robin Hill alibuni lenzi ya kupigia picha mawingu ya anga nzima kwa mara moja. Mgebuka, samaki wa ziwa letu, anayepita chini ya boti zetu ameiona picha ya namna hii tangu azaliwe, bila kulipa milioni.

Kwa harusi, sikushauri. Anayesimama ukingoni mwa duara hupinda kama ndizi, na anayesogea katikati hupewa pua ambayo ukoo wake hauitambui. Nimeitumia ukumbini mara mbili tu, nikiinyanyua juu ya vichwa wakati wa kufungua muziki, na katika mara ya kwanza vidole vyangu viwili vilitokea ndani ya picha, vinene kama mihogo. Kamba ya kamera, miguu ya stendi, tumbo na kivuli cha mpiga picha vyote huingia, na saa za mchana jua nalo huwa ndani karibu kila mara. Sigma hii hulistahimili jua kwa kiasi cha wastani: hutoa madoa machache ya mwanga, pamoja na uzi wa zambarau kwenye ukingo wa duara ambao mimi huufuta kwenye kompyuta.

Kioo cha mbele kimebinuka na hakivai filta. Kuna nafasi ndogo ya filta ya jelatini kwa nyuma, ambayo sijawahi kuihitaji. Wenzetu wa pwani wangeogopa chumvi, lakini maji yetu ya ziwa hayana chumvi na adui yangu hapa ni mchanga peke yake. Kifuniko chenyewe ni vipande viwili, pete na mfuniko, na ukiondoa mfuniko ukaisahau pete, duara lako hukatwa kingo. Yangu ilikuja bila mfuniko. Nimeikatia kopo la plastiki la mafuta ya kujipaka, nikalitandika kitambaa cha miwani ndani, nalo limeshika vizuri kuliko nilivyotarajia.