Tathmini: huduma ya ramani na makadirio ya umeme wa nyumba mpya, Mombasa

Kwa wenzangu mnaojenga Utange, Bamburi, Likoni au kwingineko katika pwani yetu, ningependa kueleza huduma tuliyoilipia kabla slabu ya nyumba yetu haijamwagwa. Mkandarasi wa umeme mwenye ofisi ndogo upande wa Nyali huchora ramani ya umeme, hupiga hesabu ya mzigo wa nyumba nzima (yaani umeme utakaovutwa na vifaa vyote), kisha hutoa orodha ya vifaa na bei zake. Kazi hiyo huitoza ada ya peke yake, na huikata katika malipo ya mwisho ukimpa pia kazi ya kutandaza nyaya. Kwa maoni yangu ada hiyo ni ya haki kabisa, ingawa makadirio yake yana pengo ambalo ni lazima mlizibe kabla ya kutia saini.

Wengi wetu tumezoea bei ya kwa pointi: fundi wa stima huhesabu taa, swichi na soketi, huzidisha, na mapatano yamekwisha. Lakini pointi ya taa ya baraza na pointi ya shawa ya umeme hazilingani hata kidogo. Taa hutosheka na waya wa milimita mraba 1.5 na soketi za kawaida hutumia 2.5, ilhali shawa ya kilowati 5.5 katika umeme wetu wa volti 240 huvuta takriban ampea 23, nayo huhitaji waya wake wenyewe wa milimita mraba 4 au hata 6, kutegemea urefu wa njia, pamoja na breka yake, yaani swichi inayokata umeme ukizidi. Anayekutajia bei moja kwa zote mbili ama amekuzidishia kwenye taa, ama atakupunja kwenye waya wa shawa, na hilo la pili ndilo linalochoma nyumba. Katika orodha niliyopewa, kila njia ya umeme ilikuwa na mstari wake: unene wa waya, urefu, ukubwa wa breka, bei ya vifaa na, kando yake, bei ya ufundi.

Kabla ya kuchora chochote alikuja kiwanjani, akapita chumba baada ya chumba na chaki mkononi, akiuliza kitanda kitaegemea ukuta upi, mlango utafungukia upande gani, jokofu litakaa wapi. Jikoni mke wangu alimwonyesha mahali pa soketi naye akamwambia, "Mama, hapa ukija kuweka kabati, soketi itafichika nyuma yake," kisha akafuta alama na kuisogeza juu ya meza ya kupikia. Wanaojenga kwa mawe ya matumbawe wanajua thamani ya alama hiyo, maana jiwe letu humomonyoka likichimbwa, na kuhamisha soketi baada ya plasta ni kulipa fundi wa stima, mwashi na mpaka rangi kwa kosa moja.

Jambo nililolipenda zaidi ni namna alivyogawa bajeti: vitakavyozikwa ndani ya zege na ukuta vilipewa fedha kwanza, na vitakavyoning'inia vikaachiwa siku za mbele. Uwezo wetu wa sasa ni kiyoyozi kimoja tu, lakini kwa joto la Mombasa aliweka paipu ya kupitishia nyaya na nafasi ya breka kwa kila chumba cha kulala, kwa kuwa paipu tupu leo ni gharama ndogo sana. Vilevile alitenga fedha za mkuki wa pili wa ethi, yaani fimbo ya chuma inayopeleka umeme uliovuja ardhini, kwa sababu mchanga mkavu na mwamba wa matumbawe haupitishi umeme vizuri, na haijulikani kama mkuki mmoja utatosha mpaka upimwe. Kwa vifaa vya nje alikataa masanduku ya chuma, akaandika ya plastiki yenye mpira wa kuzuia maji, kwani hewa ya chumvi huila chuma upesi.

Pengo lenyewe liko mwishoni mwa orodha. Taa, feni na swichi zote zilifungwa katika mstari mmoja wa "vifaa vya kumalizia" wenye jumla tu, bila aina wala idadi, na hapo ndipo bajeti ya mwenye nyumba huponyoka, kwa sababu swichi ya bei nafuu na ile ya kudumu zina tofauti kubwa. Tena VAT ya asilimia 16 ilitajwa kwa maandishi madogo chini ya jumla badala ya kuwa ndani yake, na gharama za kuomba mita Kenya Power hazikuwemo kabisa. Tulipomwomba aufungue mstari huo aliufungua bila ubishi, lakini asiyeuliza hatapewa.

Leseni yake ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati nchini, aliionyesha kabla hatujaiomba, na mkataba unamtaka apime ethi na njia zote, atoe cheti cha kukamilisha kazi, na atukabidhi ramani iliyosahihishwa kulingana na jinsi paipu zilivyopita hasa. Malipo ya mwisho tumeyafunga na ramani hiyo.