Kuingia Barabara ya Thika: jioni kwenye foleni au usiku njia ikiwa wazi?

Kwenye Barabara Kuu ya Thika, inayotoka Nairobi, Kenya, na iliyozinduliwa mwaka 2012, magari ya njia za pembeni huingia barabara kubwa kupitia vijia vya kuunganisha. Hatari ya vijia hivyo hubadilika kulingana na wingi wa magari.

Jioni mwendo ni mdogo, ila nafasi ni finyu. Dereva wa mbele akisita kuingia, wa nyuma, macho yakiwa kwenye kioo cha pembeni, anamgonga. Matatu nayo ikisimama ghafla karibu na Roysambu au Githurai, breki zinafuatana hadi nyuma kabisa. Kibaya zaidi, kwa maoni yangu, ni pale foleni inapoanza tu: wa mbele wamesimama, wa nyuma bado wanakimbia.

Usiku migongano ya namna hiyo hupungua. Lakini kasi ikipanda kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, nishati ya mgongano huwa mara nne, na anayeshindwa na kona ya kutokea hupinduka peke yake.

Nachagua foleni, hasa nikiwa na watoto garini. Kwa wa bodaboda sisemi hivyo: hana bati la kumkinga, saa yoyote ile.